Tawi la Kilio Lililochanua

Katika mtaa mzima wa Manika mti ule ulikuwa mmoja tu, na haukuwa mti wa kupendwa. Marehemu Masudi aliuleta ungali kijiti ndani ya kopo la maziwa, siku ile mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimwendeshea gari alipofunga masanduku kurudi kwao. Akaupanda kando ya mlango wa ua, akawaambia wanawe kwamba jina lake ni kamelia na kwamba usimwagiwe maji ya sabuni. Mti ukashika. Majani yake yalikuwa mazito, yanang'aa kama yamepanguswa kwa mafuta, na hayakupukutika, mvua iwepo isiwepo. Maua yake ndiyo yaliyowatia watu wasiwasi. Hayakungoja mvua kama maua ya kawaida. Yalichanua wakati wa kipwa, kiangazi cha kule, katikati ya mwaka, baridi inapouma mpaka kwenye meno na vumbi jekundu limefunika kila kitu chenye uhai. Meupe, makubwa kama ngumi, na ukiyanusa hupati kitu. Na yakichoka hayapukutiki kidogo kidogo. Ua linakatika zima, linaanguka chini, pu! kama kichwa.

"Ni maua ya namna gani inakatika shingo?" Mama Adolphine, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliuliza kila kipwa. "Mwanvua, kata hii kintu. Hii haiko maua. Hii inahesabia bantu."

Miaka mingine Mwanvua, binti wa marehemu, alimcheka. Mwaka ule wa sabini na nane hakucheka. Vita ilikuwa imeingia mjini mwezi wa tano, ikatoka, na nyuma yake wakabaki basoda, askari wa serikali, wakipita parseli kwa parseli, ua kwa ua, kutafuta kila mwanaume aliyewasaidia waasi. Na ndani ya depo, ghala ya marehemu Masudi, nyuma ya magunia ya makala ya kupikia, alikuwa amejikunja kaka mkubwa wa Mwanvua, Alfani, ambaye yeye alimwita Yaya.

Alfani hakumsaidia mtu kwa kupenda. Alikuwa dereva wa kamioni. Waliotoka ng'ambo ya mpaka walimwekea bunduki shingoni, wakapanda nyuma, wakamwambia endesha. Walipokimbia wakamwambia endesha tena, njia ya Dilolo, mpaka mafuta yakaisha. Akarudi kwa miguu kupitia porini. Lakini soko zima lilikuwa limemwona kwenye usukani. Dereva mwenzake, Tshimanga, aliyeitwa posti ya basoda kueleza jambo kama hilo, aliacha bakuli lake la chakula limefunikwa, akimwambia mkewe asiliondoe, anarudi sasa hivi. Mkewe hakuliondoa mpaka chakula kikaota ukungu.

Mwanvua alikuwa mtu wa kutazama. Shule aliishia la sita, lakini macho yake hayakuishia popote. Alikaa nyuma ya mlango wa ua, jicho kwenye ufa wa mbao, akawatazama basoda wakipekua barabara ya pili. Walivunja vitasa, walipasua magodoro, walichoma dari kwa visu vya bunduki. Ila mahali pamoja hawakuingia. Pale penye kilio, tawi bichi limefungwa mlangoni ili mpita njia apunguze sauti, soda aliteremsha bunduki, akachungulia, akapita. Pengine waliogopa mkosi. Pengine kwao pia mama zao wanalia hivyo.

Akalala na wazo hilo. Asubuhi, basoda wakiwa bado wanaota moto kwenye kona, chini ya miembe ya barabara, akachukua kisu. Miembe ile haikufikika tena, na ndani ya ua kitu kibichi kilikuwa kimoja. Akakata tawi la kamelia, tawi pana, zuri. Kisha akakaa nalo jikoni, akaanza kunyofoa maua kwa kucha, maana kilio hakina maua. Maua ni ya harusi na ya kupokea wakubwa wa chama. Akayazika yote kwenye majivu. Yale macho ya maua ambayo hayajafunguka, magumu, ya kijani, aliyaacha. Kwa mbali yalifanana na majani tu. Akalifunga tawi mlangoni kwa kamba ya katani, akarudi ndani kumwambia Alfani anyamaze kama maiti.

Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila alihesabu basoda peke yao. Majirani hakuwahesabu. Tawi la kilio halifukuzi watu. Linawaita.

"Mama weee!" Mama Adolphine alikuwa ameshaingia, mikono kichwani, kitambaa kimefunguka. "Mwanvua! Nani? Ni nani?"

Mwanvua hakuwa ametayarisha jina. Ndugu aliobaki nao duniani walikuwa wawili: mama yake, aliyehamia Tenke kwa dada yake, na huyo wa nyuma ya magunia. Ulimi ukachagua wenyewe.

"Ni Yaya Alfani."

"Alfani!"

"Njia ya Dilolo. Balimuzika kulekule."

Mama Adolphine akajitupa chini, akalia kwa sauti ya watu wa kaskazini, ile inayopanda kama ngazi, na barabara yote ikaisikia. Depo ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mwanvua akafikiria kaka yake gizani, akisikia jina lake likililiwa.

Kabla jua halijapasha bati, ua ulijaa. Wanawake wakatandika mikeka. Tata Abibu, mzee msafirishaji aliyekuwa rafiki wa marehemu Masudi, akaleta kamioni yake, akashusha turubai, akalifunga toka ukutani mpaka kwenye kamelia yenyewe. Akataka kumsalia Alfani palepale, swala ya maiti asiyekuwepo. Mwanvua akamshika mkono.

"Tata Abibu, tungojee Mama. Tafadhali. Afike kwanza."

"Ni haki yake," alisema Abibu. "Nimekwisha tuma neno Tenke na watu wa treni."

Mwanvua akauachia ule mkono. Mama yake naye! Hakuwa amefika mbali hivyo katika mawazo yake.

Mchana basoda walifika. Mbele yao alikuja Tata Mukalay, kiongozi wa barabara, beji ya chama kifuani, uso umekauka kama wa mtu asiyelala. Nyuma yake adjida, mkuu wa basoda, mwembamba, mpole wa sauti, na upole wake ndio uliotisha.

"Nani alikufa hapa?"

"Ni yule dereva, shefu," alisema Mukalay. "Alfani, mutoto ya Masudi."

"Yule wa kwenye karatasi yangu?"

"Njo yeye," Mukalay aliitikia.

Adjida akatabasamu. "Kumbe mwenye akili. Alijua ninakuja, akatangulia." Basoda wakacheka. Wanawake wakainamisha vichwa. "Na maiti?"

"Balimuzika Dilolo," alisema Mwanvua. Sauti yake aliisikia kama inatoka kwa mtu mwingine.

Adjida akatembea polepole kati ya mikeka, akazitazama nyumba, jiko, depo. Akasimama mbele ya mlango wa depo. Ndani, vumbi la makala lilimkaba mtu, na mtu yule akakohoa. Kikohozi kifupi, kilichokatwa katikati.

Palepale Mama Adolphine akakohoa. Akakohoa mara ya pili, akajishika kifua, akajikunja kwenye ukuta wa depo, anakohoa mpaka machozi.

"Hii baridi itatumaliza shiye bote," alilalamika. "Tata Adjida, hamuna dawa kwenu kule kambi?"

"Jina yako nani, wewe mama?"

"Adolphine."

Macho ya Mukalay yakatoka. Majina ya Wazungu yalikuwa yamekatazwa, na mtu alifungwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Kabedi!" Mama Adolphine akajirudi. "Kabedi, Tata. Kikohozi kinaharibu kichwa."

Basoda wakacheka tena, na adjida akacheka nao. Kisha akaligusa tawi mlangoni kwa ncha ya fimbo yake, akatoka. Mwanvua alibaki amekaa. Alimtazama jirani yake. Mama Adolphine alikuwa akijifunga kitambaa, hakumtazama.

Hapo ndipo ingefaa watu waende zao. Lakini barabara ile ilikuwa na desturi yake: huinuki kwenye kilio mpaka majani ya tawi yakauke. Likikauka, wafiwa wanalichoma, watu wanaoga, kila mtu anarudi kwake. Wakati wa kipwa tawi la mwembe halimalizi siku mbili, upepo unalikausha kama karatasi. Kamelia haikujua desturi. Usiku ule baridi ilianguka mpaka maji ya kwenye ndoo yakashika ngozi ya barafu, na asubuhi majani yaling'aa kuliko jana. Kesho yake vilevile. Wanawake wakaanza kulitazama tawi, kisha kutazamana.

"Huyu mufu anapenda bantu," alisema mmoja. "Hataki tuende."

Na watu wanaokaa wanakula. Wanaokula wanapikiwa. Jiko la kilio lilikuwa linaomba makala toka asubuhi mpaka jioni, na makala yalikuwa kwenye depo. Mwanvua hakukubali mtu mwingine aingie. Alijifanya ana wivu na vitu vya baba yake, akabeba kila gunia mwenyewe, akificha kipande cha bukari, ugali wa pale, ndani ya kikapu anapoingia. Wakamsifu: tazameni mutoto anavyotumika, huzuni yake anaimalizia kwenye kazi. Yeye alikuwa anatazama ukuta wa magunia ukishuka. Mwanzo ulimzidi kimo. Sasa ulimfika kifuani. Kilio kilikuwa kinamla Alfani gunia kwa gunia.

"Wanaondoka lini?" Alfani alinong'ona. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, na meno.

"Majani haikauki, Yaya."

"Uichome!"

"Nikiichoma mbichi, watauliza."

"Mwanvua, jana nilisikia banasema vile nilikuwa mutoto muzuri." Alicheka bila sauti, kisha uso ukamkunjamana. "Sikujua kama kusikia vile kunaogopesha."

Mama Kadija, mama yao, alifika na treni ya mizigo, amekaa juu ya magunia ya chumvi, vumbi mpaka kwenye kope. Mwanvua alimwona akishuka kwenye barabara, mdogo, amenyooka. Alikuwa ameamua: hatamwambia. Mama yake hakuwahi kuweza kuficha furaha. Uso ule ukijua, basoda watasoma. Mama Kadija akafika mlangoni, akasimama, akashika tawi kwa mikono miwili, akalikaribia kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaingia, akaanguka kwenye mkeka, na kilio kilichotoka kwake kiliwanyamazisha wote waliokuwa wakilia kabla yake.

Alimwita Alfani kwa majina ya utotoni. Alimuuliza ni nani aliyemwosha, nani aliyemfunga kidevu, kama aliyemchimbia alichimba chini ya kutosha. Mwanvua alikaa mgongo umeegemea mlango wa depo, akiusukuma kwa nguvu zake zote, maana ndani alisikia kitu kinasogea. Gunia lilianguka. Alijua, kama ajuavyo jina lake, kwamba kaka yake ameinuka, kwamba mkono wake uko kwenye mbao upande wa pili, na kwamba neno moja zaidi kutoka kwa mama litamtoa nje mbele za watu. Akaanza kulia naye kwa nguvu, akipiga mlango kwa kisogo, akisema katikati ya kilio, "Kaa, Yaya, kaa huko uliko, pumzika, kaa!" Watu wakafikiri anamuaga marehemu. Upande wa pili pakatulia.

Asubuhi iliyofuata tawi lilichanua.

Mtu wa kwanza kuliona alikuwa mwanamke aliyetoka kuchota maji. Aliiacha ndoo palepale. Mwanvua alipofika, wanawake walikuwa wamesimama nusu duara, hakuna anayetaka kuwa karibu. Yale macho ya kijani aliyoyaacha yalikuwa yamefunguka kwa baridi, juu ya tawi lililokatwa, lisilo na mizizi wala maji. Maua matatu, meupe pee, yamejitokeza katikati ya majani kama nyuso.

"Tawi ya kilio inachanua?" Sauti ilikuwa ya Tata Mukalay. Hakuna aliyemwona akija. "Toka nizaliwe sijaona. Kwetu wanasema tawi ikikataa kufa, ni mufu alikataa kufa."

Wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akafanya ishara ya msalaba, mwingine akasema astaghafiru. Mwanvua aliona jinsi neno hili litakavyotoka mlangoni, litembee mpaka kona, lifike kwenye moto wa basoda.

Mama Kadija akapita kati ya watu. Alisimama mbele ya Mukalay, kitambaa cha kilio kimemfunga kiuno, macho yamevimba.

"Mukalay. Mi njo nilikukata kitovu yako, ama nani?"

"Ni wewe, Mama. Lakini—"

"Hii muti ni ya bwana yangu. Inachanua sababu ya baridi. Haichanui sababu ya bantu. Kila kipwa unaipitia hapa ikiwa na maua, hukusemaka kintu." Akasogea karibu zaidi. "Unasema mutoto yangu hakukufa? Basi unilete yeye. Sasa hivi. Umusimamishe hapa, nimushike, nitakulambia miguu mbele ya hawa bamama bote. Wapi yeye? Sema, wapi yeye!"

Mukalay alishusha macho. Aliishika beji yake, akaiachia. Aliposema, alisema chinichini, karibu anaomba.

"Mama, mi sitasema. Lakini adjida atapita jioni, na yeye iko na macho. Mi pia niko na batoto." Akaenda zake haraka, kama mtu anayekimbia mvua.

Mama Kadija aliwageukia wanawake, akasema jua linawaka, waende mtoni wakaoge, kilio amekifunga yeye mwenye kufiwa. "Lakini majani—" mmoja alianza. "Majani si mimi nimeyazaa," alisema, na wakaenda. Walienda upesi, hakuna aliyependa kubaki karibu na tawi lile. Mama Adolphine peke yake hakwenda. Alikaa mlangoni, akachambua sombe, majani ya muhogo, ambayo hakuna aliyemwomba.

Ndipo Mama Kadija, bila kugeuza uso, akamuuliza bintiye:

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Usiniulize nani. Mufiwa hana wakati ya kutoa maua ku tawi. Nilifika pa mulango, nikaona alama ya kucha, moja kwa moja, kila mahali kulikuwa ua. Nikasema: hii haiko mukono ya mutu analia. Hii ni mukono ya mutu anaogopa."

"Na ulilia vile?"

"Nililia sababu sikukuwa na hakika. Wapi?"

Mwanvua alitazama depo tu. Mama yake akafumba macho, akashika ukuta, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akafungua macho na akawa mtu wa kazi. Tata Abibu aliitwa kutoka kwenye kamioni yake. Aliambiwa kwa maneno machache. Akafuta uso kwa kofia.

"Na mi nilitaka kumusalia," alisema. "Allah atanicheka."

Abibu alikuwa anakwenda Nzilo kununua samaki, na karatasi ya kupita alikuwa nayo. Alikuwa na turubai la kurudisha, na mikeka. Alfani alitolewa mweusi mwili mzima, magoti hayanyooki. Mama yake alimpapasa uso mara moja, haraka, kama apapasavyo mtu nguo kujua imekauka, akamwonyesha mkeka. Alfani aliutazama mkeka ule uliotandikwa chini. Alielewa.

"Si vile banazikiaka bantu, Mama?"

"Lala," alisema mama yake.

Akalala. Walimkunja na mkeka, Mwanvua upande wa kichwa, Mama Adolphine, aliyeacha sombe bila kuitwa, upande wa miguu. Wakambeba, mzito kama maiti wanavyokuwa wazito, wakamweka kati ya mikeka mingine, turubai juu. Abibu akapandisha ubao wa nyuma, akawasha.

"Sasa tulie," alisema Mama Kadija. "Kamioni ya kilio haitokaki kimya."

Wakalia, wanawake watatu katika ua mtupu. Mwanvua alilia kwa mdomo, masikio yakifuata mngurumo wa kamioni: umefika kwenye bomba la maji, umepita duka la chumvi, umefika kona. Pale ukapungua. Ukazima.

Barieri, kizuizi cha basoda. Alisikia sauti ya mtu, mbali, na mlio wa chuma: ubao wa nyuma unateremshwa. Mama Adolphine akakatika katikati ya kilio, mkono mdomoni. Mama Kadija alimpiga kofi begani. "Lia!" Akaendelea yeye mwenyewe, sauti moja, ndefu, bila maneno, na machozi hayakuwepo tena kwenye macho yale; yalikuwa makavu na yametoka nje kama ya mtu anayekabwa. Jogoo aliwika mahali. Mbwa alibweka. Mwanvua alingoja mlio wa bunduki.

Ubao ulifungwa kwa kishindo. Injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika. Gia ya kwanza. Gia ya pili. Mngurumo ukachukua njia ya Nzilo, ukawa mdogo, ukawa kama nyuki, ukaisha.

Mama Adolphine alinyamaza. Mwanvua akanyamaza. Mama Kadija ndiye aliyeendelea, na sasa machozi yalimwagika kweli, yakilowesha kitambaa na shingo, na hata walipomshika kila mmoja upande wake hakuweza kuacha, mpaka basoda wa jioni walipoingia wakamkuta hivyo, wakateremsha bunduki, wakatoka.